Kikuba cha Salma na Kiwavi wa Mlangilangi

Wasichana wanaokuja kwangu kujifunza kutunga vikuba huniuliza habari ya uzi, habari ya maji ya kunyunyizia, na kama asumini ichumwe imefumba au imechanua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya viwavi. Mkimwona kiwavi mnapiga ukelele, mnatupa pakacha, na maua yangu yanamwagika mchangani. Nimechoka kuokota. Basi leo nitasema yote ninayoyajua, na atakayekimbia tena baada ya hapa akimbilie kwao moja kwa moja.

Kikuba hubanwa kifuani. Ndani yake mna asumini, rehani, kilua, langilangi, na kipande cha ua la mkadi kikipatikana. Kinalala juu ya ngozi kutwa nzima, tena ngozi laini ya shingo na kifua, na akiwa ni bi harusi, ngozi iliyosuguliwa singo siku saba mpaka imekuwa kama ya mtoto mchanga. Maua hayo yanatoka mitini, na mitini ndiko viwavi wanakokula, wanakolala na wanakovua magamba yao. Sasa niambieni, mtungaji asiyewajua viwavi anajua nini?

Mimi nilianza kazi hii kabla sijavunja ungo. Mama yangu aliletwa kisiwani kutoka bara, akafanya kazi ya karafuu shamba mpaka utumwa ulipofutwa. Siku alipopata karatasi yake ya uhuru alinishika mkono, tukaja Ng'ambo, na mwezi haukwisha akanipeleka Jang'ombe kwa Bi Hadia, mtu wa Bwejuu aliyekuja mjini zamani na miche ya mikadi kichwani. Nyinyi mnaijua Jang'ombe ya nyumba zilizobanana. Wakati ule ilikuwa miti, vibanda vichache, na bustani ya Bi Hadia yenye milangilangi minne na mkilua mmoja uliokuwa ukichumwa kwa zamu.

Siku ya kwanza hakunipa ua. Alinisimamisha chini ya mlangilangi akaniambia nihesabu viwavi.

"Nshawaona wawili, Bi," nikasema.

"Wako kumi na mmoja. Tazama tena."

Nilikaa pale mpaka jua likanipanda utosini. Niliowaona wawili walikuwa wale wa mapambo, na tisa walikuwa wamelala kwenye magome mbele ya macho yangu, na mmoja wao nilikuwa nimemwekea mkono karibu. Bi Hadia alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniambia neno ambalo nilikuja kulielewa baada ya miaka: "Weye unamtafuta anayetaka kuonekana. Tafuta asiyetaka."

Kila kiwavi alikuwa na jina lake pale bustanini, majina ya kwetu wenyewe, msiyatafute kwa mtu mwingine. Aliyekuwa mzuri kuliko wote tulimwita Bwana Harusi. Kichwa chake chekundu, mgongoni ana vishungi vinne vya manjano vilivyokatwa sawasawa kama nyuzi za burashi, mbele ana pembe mbili za manyoya meusi na nyuma moja. Ukimwona kwenye jani la kijani unaweza kusimama ukamtazama kama unavyotazama kilemba cha mtu mkubwa. Mwengine tulimwita Kizee. Huyo ni mkubwa, mpana, rangi ya gome, amejilaza juu ya shina na manyoya yake ya ubavuni ameyatandaza chini mpaka hana kivuli. Ukimgusa huinamisha shingo, na hapo nyuma ya kichwa hufunguka mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu iliyokoza, na katika mistari hiyo mna miiba myembamba isiyoonekana. Wa tatu ni Kaa la Moto, wa kijani, hana miguu ya kuonekana, anateleza chini ya jani kama tone la ute, na ana vijiti vya miiba kila pembe. Huyo hana siri. Akikugusa utajua papo hapo, na majirani watajua pia.

Kizee nilimjua kwa mgongo wangu. Nilikuwa nimechoka siku moja, nikaegemea shina kidogo tu, nikahisi kama nimelalia mkeka wa sindano. Nilivua kanga mbele ya watu waliokuwa wakipita na kuku wao. Bi Hadia hakunihurumia hata kidogo. Alikanda donge la unga wa ngano kwa maji, akalibandika mgongoni pangu, akalivuta, akalibandika tena, akalivuta, mpaka unga ukawa na vinyweleo vya kutosha kunionyesha. Shikeni hilo. Usikune. Usisugue kwa maji wala mafuta. Ukikuna unaizamisha miiba. Bandika donge, vuta, litupe, bandika jingine.

Baada ya miaka saba minane hivi Bi Hadia akaanza kupoteza macho, na bustani ikawa mikononi mwangu. Nilikuwa na jina mjini. Wakinamama wa Malindi na Shangani walituma watu Jang'ombe kuuliza kwa Mize, ndiyo jina langu, na mimi nilikuwa na maringo, nisiwafiche. Nilikuwa nikisema mbele za watu kwamba kiwavi hawezi kuingia katika kikuba changu hata akiwa amevaa joho. Tena nilizua mtindo wangu mwenyewe. Watungaji wengine walifunga kikuba kwa uzi tu, maji ya maua yakalowesha nguo. Mimi nililaza maua juu ya jani la mlangilangi lililokunjwa, likawa kama kitako, na nguo ikabaki kavu. Watu walipenda. Nilipokuwa na haraka nilichagua majani ambayo yamekwisha kujikunja yenyewe mtini, kwa sababu yalikaa vizuri na hayakufunguka. Nilijiona nina akili sana.

Hapo ndipo ilipokuja harusi ya Salma.

Salma alikuwa binti wa Bi Asha, mjane aliyeishi kwa kushona kofia, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipokuwa mdogo alikuwa akija bustanini kuniokotea asumini zilizoanguka. Aliposwa na nyumba kubwa ya mjini, watu wenye asili ya Kiarabu waliokuwa na mashamba na ambao, hata mashamba yalipoanza kupungua, hawakupunguza kujiona. Bwana harusi mwenyewe alikuwa kijana mpole. Aliyekuwa na neno katika nyumba ile ni shangazi yake, Bi Zuwena, na Bi Zuwena hakuwa ameridhika na posa ile tangu mwanzo. Alikubali kwa shingo upande.

Nikahi ilikuwa Ijumaa. Jumanne, alasiri, wanawake wa upande wa bwana walikuwa waje kumwona bi harusi alivyopambwa. Niliamka alfajiri siku hiyo nikachuma kwa mkono wangu. Nilimkuta Bwana Harusi mmoja kwenye tawi la langilangi nililokuwa nikilichuma, nikamwondoa kwa kijiti, nikamtupa mbali, nikarudi nikakagua kila ua. Nilitunga kikuba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutunga. Wala sikukisogeza puani. Sheria yetu watungaji ilikuwa hiyo: maua ya bi harusi hayanuswi wala hayagusi mwili wa mtu mwingine kabla yake. Kikuba chake hutungwa kimelazwa juu ya jani la mgomba, mikono tu ndiyo inayofanya kazi, na viganja vyangu vilikwisha kuwa vigumu kama vya mpasua kuni. Havikunieleza chochote. Saa tatu asubuhi nilikikabidhi kwa somo yake, mwanamke mzima aliyekuwa akimlea ndani siku zile, naye akambana nacho.

Alasiri waliponiita nilidhani naitwa nisifiwe.

Nilimkuta Salma ameketi juu ya mkeka, kanga imeteremshwa mabegani. Shingo yake, kifua chake mpaka juu ya matiti, vilikuwa vimejaa mabaka mekundu yaliyovimba, na kando yake vipele vidogo vidogo maelfu. Alikuwa ameibana mikono chini ya mapaja ili asijikune. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta. Katikati ya chumba alisimama Bi Zuwena, barakoa yake ya Kiarabu ameipandisha juu ya kipaji.

"Shikamoo Bi," nikasema.

"Marahaba. Weye ndo wa maua?"

"Naam, Bi."

"Maua yako yana nini?"

Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonitoka lilikuwa kujitetea mwenyewe. "Maua yangu safi, Bi. Nimeyakagua moja moja. Hayana kitu."

Laiti ningekata ulimi wangu. Bi Zuwena akageuka kwa Bi Asha taratibu. "Umesikia? Maua hayana kitu. Basi kitu kiko mwilini. Babake huyu alikufa na nini?"

"Alikufa kwa homa, Bi," Bi Asha akasema. "Wallahi homa."

"Na nyanyake?"

Bi Asha hakujibu upesi. Bibi yake Salma alikuwa na vidonda vya miguu kwa miaka mingi, mtaa mzima ulijua. Kimya kile kidogo kikatosha. Bi Zuwena akateremsha barakoa. "Maradhi ya kurithi," akasema. "Mie simtii mwanangu katika maradhi ya kurithi. Lakini mtu asije akasema nimedhulumu. Ijumaa kabla ya sala nataka kujua hiki ni nini. Nisipojua, hakuna harusi, na atakayeniuliza sababu nitamwambia."

Mnajua maana yake hiyo. Binti akishasemwa ana maradhi ya ukoo, hakuna mtu atakayebisha hodi tena. Na wadogo zake Salma wawili walikuwa nyuma yake, nao wasichana.

Wageni walipotoka nilitaka kutoka na mimi. Salma akanishika upindo wa kanga. "Mize, mie sina maradhi," akasema. "Hiki kimeanza kuwasha baada ya kuvaa kikuba. Usiseme hakina kitu. Katafute." Hakulia. Ingekuwa alilia, pengine ningeweza kujidanganya kwa kumhurumia tu. Nilitoka pale nimeona haya ambayo sijawahi kuiona tena, na nikaapa moyoni kwamba kama kitu kile kiko katika miti minne ile, nitakileta hata kwa kuila miti yenyewe.

Mtaa mzima ulikuwa na jibu tayari. "Ni yule wa vishungi, yule mwekundu mwekundu," walisema. "Rangi zote zile za nini kama si sumu?" Na mimi nilidhani hivyo hivyo: Bwana Harusi niliyemtupa alikuwa ameacha manyoya yake juu ya ua. Jumatano alfajiri nikamtafuta, nikampata, nikamtembeza juu ya mkono wangu wa kushoto, ndani pale karibu na kiwiko, penye ngozi nyororo. Ili nisisahau ni wapi, nilichukua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, nikachora duara pale. Nikangoja.

Adhuhuri ikafika, hapana kitu. Ngozi yangu ilikuwa imetulia. Nikamsugua tena, mara hii kwa nguvu, maskini yule kiumbe akajikunja kama hirizi. Hapana kitu. Nilikaa chini ya mti, kwa sababu kama si yeye, basi niliyoyasema mbele ya Bi Zuwena yalikuwa kweli, na Salma ameangamia.

Kisha nikasimama. Niliamua nitawajaribu wote. Mmoja mmoja, kwa zamu, kila mmoja na alama yake ya piko. Kizee nilimpa nyota. Kaa la Moto nilimpa jani. Kulikuwa na mmoja mweusi mwenye madoa meupe, nikampa mwezi, na mmoja wa kijivu mwenye vishungi viwili tu, nikampa tone. Mpaka alasiri mkono wangu ulikuwa umechorwa kama wa mwali, na mama yangu alipokuja na mihogo ya chakula aliniuliza nani ananioa.

Kaa la Moto alichoma papo hapo, nikapiga kelele. Lakini hakuwa yeye. Salma alivaa kikuba saa tatu, na muwasho ulianza kwenye saa sita. Angekuwa yule, angeruka palepale. Kizee alichoma mahali pamoja, vitone vyenye miiba ya kuonekana, si mabaka yaliyotapakaa. Wengine hawakufanya lolote. Jumatano ikaisha, na mimi nina mkono wa mapambo na sina jibu.

Alhamisi asubuhi nikaenda kwa Bi Hadia ndani. Alikuwa kitandani, macho yake yana ukungu. Nikamweleza yote, hata maringo yangu, na hata lile neno nililojitetea nalo. Alisikiliza, akashika mkono wangu, akapapasa zile alama kwa kidole.

"Hawa wote wenyewe," akasema. "Nyumba zao je?"

"Nyumba zipi, Bi?"

"Mtu akihama si anaacha nyumba? Kiwavi akitaka kuwa nondo, manyoya yake anayafanya nini? Anakwenda nayo?" Akaniachia mkono. "Hebu n'ambie, kikuba umekifungia kwenye nini?"

Nikasimama. Sikuaga. Nilitoka mbio mpaka kwa Bi Asha, nikamwuliza somo kikuba cha Jumanne kiko wapi. Alikuwa amekitupa nyuma ya nyumba, penye jaa la majivu. Nilipiga magoti jaani nikafukua kwa kijiti, majivu mpaka nyusini, nikakipata kimenyauka, maua yamekuwa meusi. Kitako chake kilikuwa bado kimekunjwa.

Lile jani sikulikunja mimi. Lilikuwa limejikunja lenyewe mtini, au ndivyo nilivyodhani. Nilipolitenganisha kwa ncha ya kijiti niliona kwamba limeshonwa kwa nyuzi laini kutoka ndani, na katikati mna kifuko chembamba, rangi ya kahawa ya maziwa, kitupu, mwenyewe amekwisha kutoka. Kifuko chote kilikuwa kimefumwa kwa manyoya mafupi mafupi. Nililipuliza jani lile kidogo tu, na katika jua la asubuhi nikayaona yakielea kama vumbi la unga. Kumbe mimi ndiye niliyechagua nyumba ya kiwavi, nikaipamba kwa asumini, nikambandika Salma kifuani. Nililia pale jaani, nawaambieni wazi. Kisha nikajifuta pua nikarudi bustanini.

Nilifungua kila jani lililojikunja katika milangilangi ile minne. Vifuko vingi vilikuwa vitupu, vingine bado vina mwenyewe amelala, na katika jani la mwisho nikamkuta mmoja ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kushona. Mdogo, hafiki urefu wa kidole cha mwisho. Rangi ya udongo, ana mstari mmoja wa chungwa mgongoni uliofifia, manyoya machache. Nilikuwa nimemwona mara mia katika miaka yangu pale, na sikuwahi kumpa jina. Nikabandika kifuko kimoja kitupu cha wenzake kwenye mkono wangu wa kulia, nikachora alama ya sita. Ilipofika saa tisa alama ile ilikuwa imezama katika mabaka mekundu na vipele, sawasawa kabisa na vya Salma. Sijawahi kufurahia muwasho namna ile.

Kwanza nikapita kwa Salma na bakuli la unga uliokandwa, nikambandika na kuvuta mpaka magharibi, nikimweleza. Hakunilaumu. Alisema tu, "Sasa mwambie yule."

Ijumaa asubuhi nilikuwa mjini, kwenye mlango wa Bi Zuwena, na pakacha langu. Nilipandishwa juu. Aliniacha nisimame muda, kisha akaniita. Nikamwonyesha mkono, nikamweleza jani na kifuko na manyoya. Alitazama alama zangu za piko kwa muda mrefu.

"Mkono wako huo," akasema, "unaweza kuusugua kwa upupu ukaniletea. Bi Asha jirani yako, au sivyo?"

"Ndivyo, Bi."

"Basi?"

Nilijua atasema hivyo, na nilikuwa nimejiandaa. Katika pakacha mlikuwa na kikuba. Nilikuwa nimekitunga alfajiri ile, asumini, rehani, kilua, langilangi, vilevile kama cha Salma, na kitako chake kilikuwa jani lenye kifuko. Nikakitoa nikakiweka juu ya jani la mgomba mbele yake. Nikafungua kanga yangu mpaka kifuani, ngozi yangu haikuwa na doa, nikamwambia aitazame vizuri. Kisha nikakibana.

Vijakazi wa nyumba waliokuwa mlangoni walishtuka. Kilikuwa kikuba cha bi harusi, kwa utunzi wake, na mimi sikuwa bi harusi wa mtu.

"Mie nakaa hapa, Bi," nikasema. "Sitoki, sijikuni, mikono yangu hii hapa juu ya magoti. Ikifika sala ya Ijumaa ngozi yangu ikiwa kama ilivyo, niite mwongo, na mie mwenyewe ntapita mtaani kusema Salma ana maradhi."

Bi Zuwena akaagiza kahawa, yake peke yake. Tukakaa. Kwenye saa nne hapakuwa na kitu, akatabasamu chini ya barakoa, nilijua kwa macho. Akasogea karibu, akalikamata jani kwa vidole vyake kulifunua ili aone hicho kifuko kinachosemwa, akalipindua huku na huku, akaliachia. Akajifuta shingoni kwa mkono uleule, kwa sababu kulikuwa na joto. Mimi nikamwona. Nikanyamaza. Mnisamehe, lakini nilinyamaza.

Kwenye saa tano kifua changu kikaanza. Kwanza joto, kisha muwasho unaotaka kukutoa akili, kisha mabaka. Sikuinua mkono hata mara moja. Nilikuwa nikitazama sakafu na kusoma kimoyomoyo kila nilichokijua. Kabla muadhini hajaadhini, Bi Zuwena akainuka aje kunitazama, akasimama mbele yangu, na nikasikia kijisauti kidogo, kwaruu, kwaruu. Nikainua macho. Alikuwa akijikuna shingo.

Akasita. Akatazama vidole vyake, vilikuwa vimeota vipele katikati. Akatazama kifua changu. Halafu yule mwanamke ambaye mji mzima ulimwogopa akavua barakoa, akakaa chini kwenye mkeka mbele yangu mimi mtoto wa mchuma karafuu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe hata mie," akasema, "nna maradhi ya kurithi."

Nikamwomba unga wa ngano na maji. Nilimbandika donge shingoni na vidoleni, nikavuta, na kila nilipovuta alinitukana matusi ambayo sikutegemea kuyasikia katika nyumba ile. Tulipomaliza alituma mtu msikitini kwa bwana harusi kwamba nikahi ni baada ya sala, kama ilivyopangwa, na mtu mwingine kwa Bi Asha na maneno ya kuomba radhi. Yale ya pili yalimwuma kuliko kiwavi. Lakini aliyatuma.

Nilipokuwa nikifunga kanga niondoke akaniita tena.

"Mize."

"Naam, Bi."

"Kuanzia leo, kikuba kinachoingia nyumba hii, utakivaa weye kwanza."

"Bi, maua ya bi harusi hayavaliwi na mtu mwingine kabla yake."

"Nani kasema?" akauliza.

Nikafikiri, nikaona sijui.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo mpaka leo, ingawa nyinyi mnadhani ni kichaa cha uzee. Watungaji wenzangu walinicheka miaka mingi, wakisema Mize anaolewa kila wiki. Sikuacha. Yule kiwavi wa udongo nilimpa jina, nikamwita Mpangaji, na majani yaliyojikunja yenyewe siyagusi isipokuwa kwa kijiti. Kitako cha kikuba nakata jani bichi lililonyooka, nalipangusa pande zote mbili kwa kitambaa kibichi, nalikunja mwenyewe. Bwana Harusi nikimkuta namwacha aendelee na safari yake. Rangi zake ni zake, hazikunidhuru mimi wala mtu wangu.

Mimi siwezi tena kupanda ngazi, na bustani nimewaachia nyinyi. Lakini mmeniuliza kwa nini tangu alfajiri ya leo nimekaa hapa barazani na kikuba kizuri hivi kifuani, mwanamke wa umri wangu. Ni cha mjukuu wake Salma. Wameshatuma mtu mara mbili kukichukua, na mara zote mbili nimemwambia arudi. Mwambieni akija tena akae, anywe maji. Kufikia sasa hakijaniwasha, lakini adhuhuri bado.